Je, Wajua? Kishikwambi Kimeenea, Kisanduku cha Mezani Hakijaondoka

Je, wajua kuwa siku kishikwambi cha iPad kilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, Unguja ilikuwa gizani? Tarehe 27 Januari 2010 Steve Jobs wa Apple alipanda jukwaani San Francisco, akashika kioo bapa mkononi na kuahidi betri ya saa 10. Huku kwetu ilikuwa wiki ya saba bila umeme. Njia inayoleta umeme kutoka Bara ilipata hitilafu tarehe 10 Desemba 2009, na taa hazikurudi hadi Machi 2010. Kabla ya hapo, Mei 2008, kisiwa kilikuwa kimeshaonja karibu mwezi mzima wa hali hiyohiyo. Mwenye jenereta alijulikana mtaa mzima kwa ngurumo, na kompyuta ya mezani ikabaki pambo. Mtu angekwambia wakati ule kwamba zama za kompyuta isiyo na betri zimekwisha, ungembishia kwa lipi?

Lakini hazikwisha. Ingia leo kwenye steshenari za Amani hapa Unguja, zile zinazochapa barua, kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo. Wateja wana simu za kila aina mikononi, ila nyuma ya kaunta bado kuna kibodi, kipanya na skrini. Kilichotoweka ni lile dude kubwa tulilozoea kuliita "CPU", lililokuwa likimnyima mtu pa kuweka miguu chini ya meza. Mahali pake sasa panakaa kisanduku chembamba, na pengine hata hukioni kwa sababu kimefungwa kwa skrubu nyuma ya skrini.

Je, wajua kuwa visanduku hivi hupimwa kwa lita? Ndiyo, lita, kama mafuta ya taa. Kampuni ya Lenovo ilipotoa ThinkCentre zake za aina ya Tiny mwaka 2012, unene wake haukufika sentimita 3.5, na ujazo wa chombo kizima ulikuwa lita moja na kidogo. Dell na HP nao wakatoa za kwao za kimo hichohicho, na leo mafundi na wauzaji wa nje huliita kundi hilo lote "kompyuta za lita moja". Ndani mna kila kilichomo kwenye dude la zamani: prosesa, kumbukumbu, diski, feni. Kilichohamishwa nje ni kitu kimoja tu, yaani adapta ya umeme, ambayo sasa ni kama ya kompyuta mpakato. Kwa fundi wa Darajani hiyo ni habari njema. Adapta ikiungua, mara nyingi ya mpakato wa kampuni ileile itakubali, maadamu volti na tundu la waya vinalingana.

Apple walitangulia. Mac mini ya kwanza iliingia sokoni Januari 2005 kwa dola 499, ikiuzwa peke yake bila skrini, bila kibodi, bila kipanya. Ulitakiwa uje na vya kwako. Ilikuwa mraba wa sentimita 16.5 wenye kimo cha kama sentimita 5. Mwishoni mwa 2024 ikapunguzwa tena hadi sentimita 12.7 kila upande, ujazo wa lita 0.8 hivi. Kwa maneno mengine, miaka karibu 15 baada ya iPad, kampuni ileile iliyotuletea iPad ilikuwa bado inaketi na wahandisi wake kuisanifu upya kompyuta ya mezani. Kampuni haifanyi hivyo kwa bidhaa inayoizika.

Intel, kwa upande wake, ilichoka. Ilikuwa na visanduku vyake vilivyoitwa NUC, vyenye ubao wa sentimita kama 10 kwa 10, na mwaka 2023 ikatangaza kuacha kuvitengeneza. Wengi wakasema sasa kimekwisha. ASUS ikachukua kazi hiyo na kuiendeleza.

Na je, wajua kuwa ubongo wa kishikwambi chako ulizaliwa ndani ya kompyuta ya mezani? Hapa naomba tukae kidogo, maana kisa hiki ni kitamu na wengi hawakijui. Miaka ya 1980 kampuni ndogo ya Acorn, mjini Cambridge, Uingereza, ilikuwa ikitengeneza kompyuta za skuli. Ilipohitaji prosesa mpya haikuridhika na zilizokuwepo sokoni, basi wahandisi wake wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, wakabuni ya kwao na kuiita ARM. Ya kwanza ilifika mikononi mwao Aprili 1985. Walipopima umeme inaotumia, kipimo kikaonyesha sifuri. Walipochunguza wakagundua kuwa waya wa umeme wa prosesa haukuwa umeunganishwa kabisa. Ilikuwa inafanya kazi kwa umeme mdogo uliokuwa ukivujia ndani kupitia nyaya za mawasiliano. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Walitaka tu prosesa ya bei nafuu kwa kompyuta ya mezani.

Ubahili huohuo wa umeme ndio uliokuja kuzibeba simu na vishikwambi, kwa sababu chombo chenye betri hakina anasa ya kupoteza. Tangu Novemba 2020 Apple imeurudisha mezani: Mac mini za sasa zinatumia prosesa za ukoo huo wa ARM, na zinapokuwa hazina kazi hula wati zisizozidi idadi ya vidole vya mkono mmoja. Raspberry Pi nayo ni ya ukoo uleule. Hii ni kompyuta nzima yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Nayo ilianzia Cambridge, na tangu wakati huo zimeshauzwa zaidi ya milioni 60.

Tukirudi nyumbani, je, wajua kuwa kuna wakati Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta? Ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufika 1974 zilikuwa saba tu nchi nzima, na mwaka huo Serikali ikaona zinakula fedha za kigeni kuliko faida yake, ikazuia zisiingizwe. Televisheni nazo zikaingia katika katazo hilo. Ajabu ni kwamba Zanzibar, katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1970, ilikuwa ikizindua televisheni yake, tena ya rangi, wakati Bara ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Katazo la kompyuta lililegezwa polepole kuanzia miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu anayesema kompyuta ya mezani ni kitu cha kale akumbuke kwamba hapa kwetu, kwa watu wa kawaida, ina umri wa kizazi kimoja hivi.

Jambo dogo linalosahaulika: mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa miaka zaidi ya mitano kabla ya iPad, na kazi yote ilifanyikia mezani.

Sasa umeme, maana ndio kiini cha kesi. Waya wa kwanza wa baharini, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ulilazwa karibu mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45. Baada ya kiza cha 2008 na kile cha 2009, Marekani ikagharimia waya mwingine wa megawati 100, uliokamilika mwaka 2013. Tangu hapo hatujaona tena miezi mitatu ya giza, ila umeme kukatika saa moja au mbili bado ni jambo la kuzoeleka, na hapo ndipo kishikwambi hucheka.

Hesabu yenyewe inafurahisha. Kishikwambi cha kawaida kina betri ya wati-saa 30 hivi. Hata ukijumlisha umeme unaopotea njiani, uniti moja ya umeme wa Tukuza inajaza zaidi ya vishikwambi 20. CPU ya zamani pamoja na skrini yake ya kichogo vilikula kama wati 150; mchana mmoja wa saa nane na uniti imekwenda na ziada. Kisanduku cha lita moja kinapofanya kazi za ofisi hula wati 10 hadi 20, na skrini bapa ya siku hizi ina kiasi kama hicho. Mchana mzima hazifiki theluthi moja ya uniti.

Hapo ndipo wengi wanapokosa kuona kilichobadilika. UPS ndogo ya dukani ina betri ya volti 12 yenye wati-saa zisizozidi 84. Ulipoifunga kwenye CPU ya zamani, ilikupa dakika za kuhifadhi kazi na kumwambia mteja arudi kesho. Ukiifunga kwenye kisanduku, inaweza kukufikisha saa nzima ikiwa betri yake bado nzima. Kwa hiyo hoja kubwa zaidi dhidi ya kompyuta ya mezani, kwamba umeme ukikatika na kazi imekatika, imepungua nguvu bila ya tangazo lolote. Printa ya leza ndiyo inayobaki kuwa tatizo. Usiifunge kamwe kwenye UPS hiyo.

Tusikidhulumu kishikwambi lakini. Je, wajua kuwa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, iliyotuhesabu Wazanzibari 1,889,773, ilifanywa kwa vishikwambi na si kwa madodoso ya karatasi? Karani alikwenda mlango kwa mlango, akauliza, akabonyeza, majibu yakatumwa. Hakuna kisanduku kingeweza kazi hiyo. Baada ya kuhesabiwa, vishikwambi hivyo havikutupwa stoo: Serikali iliamua viende kwa walimu, pamoja na vingine, jumla karibu 300,000, na mgao ukavuka bahari hadi huku visiwani. Kenya walitangulia kwa vishikwambi katika sensa yao ya Agosti 2019, na kabla ya hapo, kuanzia 2016, mpango wao wa elimu ya dijitali ulikuwa umeshapeleka zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko jirani yetu, Tanga. Kati ya 2017 na 2019 shindano la kimataifa la XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 hivi vya mkoa huo, vikiwa na programu za Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa jua, kwa watoto ambao wengi hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 kundi hilo la wasioweza lilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi walikuwa wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Mtoto wa miaka saba asiyejua herufi hawezi kukaa mbele ya kibodi na kujifunza peke yake; kioo cha kugusa kinamwezesha. Hilo silibishi.

Ninachobisha ni ile tafsiri kwamba basi kisanduku hakina kazi. Tazama Nairobi mwaka 2015, pale kampuni ya BRCK ilipotoa Kio Kit: sanduku gumu lenye vishikwambi 40 vya wanafunzi. Mpini na magurudumu, chaji bila waya, kila kitu kimefikiriwa. Na ndani ya sanduku hilohilo waliweka nini? Kompyuta ndogo, inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vile vishikwambi 40 hata pasipo na intaneti. Skuli yenye bajeti ndogo inaweza kuiga mpango huo kwa kisanduku cha mtumba au Raspberry Pi: Wikipedia nzima ya Kiswahili, zaidi ya makala 80,000, inaingia humo kupitia programu ya bure ya Kiwix na nafasi inabaki. Wanafunzi wanaisoma kwa simu zao bila kutumia bando hata la shilingi.

Je, wajua pia kwamba programu nyingi zilizomo kwenye iPad zimetengenezwa kwenye Mac? Apple inamtaka mtengenezaji awe na kompyuta yake, na ukiacha programu nyepesi, kazi hiyo haifanyiki kwenye kishikwambi chenyewe. Ndiyo maana kuna maghala huko Marekani yaliyopangwa Mac mini kwa maelfu, rafu juu ya rafu, zisizo na skrini hata moja, zikikodishwa kwa watu walio mbali. Amazon nayo iliingia katika biashara hiyo Novemba 2020. Unapogusa picha ndogo kwenye kioo chako pale Forodhani, kuna uwezekano kwamba programu hiyo ilipita kwenye kisanduku.

Mfano wa nyumbani ninaoupenda zaidi ni wa ramani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni zisizofika uzito wa kilo moja, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Wanafunzi wa SUZA walifundishwa kuzirusha. Uwanjani, kifaa chepesi cha mkononi ndicho mfalme: unakwenda nacho shambani, unahakiki mpaka, unarudi. Lakini picha hizo ni maelfu kwa maelfu zinazopandana kingo, na kuziunga ziwe ramani moja ni kazi inayoifanya kompyuta yenye kumbukumbu kubwa ikeshe usiku kucha. Kishikwambi kitakuonyesha ramani hiyo vizuri sana. Kuitengeneza hakiwezi.

Jobs mwenyewe alilisema jambo hili Juni 2010, miezi miwili baada ya iPad kuingia madukani, alipofananisha kompyuta za kawaida na malori: hayatakwisha, ila watakaoyahitaji watakuwa wachache kuliko waendesha magari madogo. Sisi tunaelewa. Hakuna anayepanda lori kwenda harusini, lakini saruji ya nyumba ya maarusi haikuja kwa Vespa. Nadhani alikosea jambo moja tu, nalo ni ukubwa wa lori. Hakujua litakuja kutosha kiganjani.

Kuna na hesabu ya uhai wa chombo, ambayo kwa mji wetu wa joto na chumvi ni nzito. Betri za lithiamu hazipendi joto, wala hazipendi kukaa zimejaa muda wote. Kishikwambi kilichofungwa kaunta kama mashine ya mauzo, kikiwa kwenye chaja asubuhi hadi usiku, ndicho kinachovimba mgongo mapema, na kwa vile kioo chake kimegundishwa, kukifungua ni kubahatisha. Kisanduku hakina betri kubwa ya kuvimba. Vingi vya lita moja hufunguliwa kwa skrubu moja. Kumbukumbu na diski hubadilishwa kwa dakika chache, vumbi hupulizwa, kazi inaendelea. Mac mini za tangu 2020 zisiingizwe katika sifa hiyo, maana kumbukumbu yake imeunganishwa na prosesa na haiongezeki. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Hewa ya bahari, kwa bahati mbaya, hula viunganishi vya vyote viwili bila upendeleo.

Kama unataka kimoja, huu ndio wakati, na sababu yake iko mbali na hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa jumla. Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane, kwa hiyo ofisi za nje zimekuwa zikitoa visanduku vya kizazi cha sita na cha saba vikiwa bado vizima, na vingi vya namna hiyo huishia kwenye masoko ya mitumba. Usimwulize muuzaji kama ni "i5". Hilo halikwambii kitu. Soma namba inayofuata. Katika i5-8500T, tarakimu 8 ya mwanzo ndiyo kizazi, na herufi T ya mwisho inamaanisha prosesa ya matumizi madogo ya umeme, ya wati 35. Kikiwa cha kizazi cha sita au cha saba, lipa bei ya chini na upange kuweka Linux. Kikiwa cha nane au zaidi, ongeza kidogo uchukue. Kiwashwe mbele yako, kikae robo saa, usikilize feni, na usitoke dukani bila adapta yake.

Ikiwa kazi yako ni ya kutembea, kuuliza na kupiga picha, acha hayo yote na nunua kishikwambi. Ila kwa steshenari, maabara ya skuli, ofisi ya hesabu au studio ya kuhariri video, mahali ambapo watu watatu au wanne hupokezana mashine moja kutwa nzima, hukumu yangu ni kisanduku, na fedha inayobaki itie kwenye skrini nzuri na UPS yenye betri mpya.